Kalamu ya Kutetea: Mafunzo ya Vita vya Magazeti juu ya Kongo, 1890–1913

Kila mwaka wanafunzi wetu wa madarasa ya juu na wa vyuo vya ualimu hutoka shuleni wakiwa na hamu ya kuandika. Wako wanaopenda mashairi, na wako wanaopenda hadithi. Lakini wako wengi pia ambao hamu yao ni kuandika habari za kutetea: kuwatetea wakulima walionyang'anywa mashamba, vibarua wasiolipwa ujira wao, wakimbizi, wajane na watoto. Vyombo vya habari vinavyopokea maandishi ya namna hiyo huwapa waandishi wapya karatasi ya maagizo: taja chanzo chako, hakikisha kabla ya kuandika, usitukane, mpe nafasi anayelaumiwa. Maagizo hayo ni mema. Hata hivyo, mwanafunzi huyasoma kama asomavyo kanuni za bweni. Huyashika kwa kichwa bila kujua yalitoka wapi, wala yaligharimu nini.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba kanuni hizo hazikubuniwa mezani. Zilipatikana katika mapambano ya kweli, ambamo neno moja lililotiwa chumvi liliweza kuwapokonya watu maelfu haki ya kusikilizwa. Mfano niliouchagua ni ule wa vita vya magazeti juu ya Kongo ya Mfalme Leopold. Nimeuchagua kwa kuwa mambo yenyewe yalitendeka katika nchi iliyo jirani yetu, ambayo sehemu yake ya mashariki inasema Kiswahili, na kwa kuwa ndani yake yamo karibu mafunzo yote yamfaayo mwandishi mchanga, ya kuigwa na ya kuepukwa.

Barua ya mtu mmoja

Mwaka 1885 mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kumtambua Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Dola hiyo haikuwa koloni la Ubelgiji, bali ilikuwa mali ya mfalme mwenyewe. Aliipata kwa kuahidi kwamba angekomesha biashara ya watumwa, kufungua milango ya biashara kwa wote, na kuwaletea wenyeji maendeleo.

Mwaka 1890 alifika huko Mmarekani mweusi, George Washington Williams. Alikuwa amezaliwa mwaka 1849, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akawa mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia ya watu weusi wa nchi yake. Alikuwa amewahi kuonana na Leopold na kuvutwa na maneno yake, na alikwenda Kongo kwa matumaini makubwa. Alipanda mto hadi Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pamoja na misafara ya Tippu Tip. Hapo, tarehe 18 Julai 1890, alimwandikia mfalme barua ya wazi.

Mwalimu wa insha atafaidika kuitazama barua ile kwa jinsi ilivyojengwa. Williams hakuanza kwa kilio. Alianza kwa kueleza yale aliyoambiwa kabla ya safari, akayaweka kando ya yale aliyoyaona kwa macho yake. Kisha akatoa mashtaka kumi na mawili, moja baada ya jingine kwa utaratibu. Mwisho hakudai aaminiwe, bali alidai iundwe tume ya kimataifa ya kuchunguza. Hili ndilo funzo la kwanza: mwandishi wa kutetea anamwambia msomaji "njoo nikuonyeshe", wala hamwambii "niamini mimi".

Lakini barua ile ina funzo la pili, lililo chungu zaidi. Marafiki wa mfalme hawakuishia kuyapinga mashtaka kumi na mawili. Waliuliza pia: Huyu Williams ni nani? Wakagundua kwamba alijiita kanali ilhali hakupata kuwa na cheo hicho katika jeshi la Marekani. Uongo huo mdogo, ambao haukuhusu Kongo hata kidogo, ukawa silaha mikononi mwao. Williams alifariki huko Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, na mashtaka yake yakasahauliwa kwa miaka mingi. Adui wa habari hutafuta mahali palipo laini apate kuzamisha kisu, na mara nyingi mahali hapo ni katika nafsi ya mwandishi.

Hesabu za melini

Katika miaka ya 1890 magurudumu ya mpira yalienea Ulaya na Marekani, na bei ya mpira ikapanda sana. Misitu ya Kongo ilikuwa na mitambaazi ya mpira. Watu wa Leopold na makampuni yake waliwalazimisha wanavijiji kuleta kiwango fulani cha mpira kila muda uliowekwa. Wake zao walishikwa mateka mpaka mpira uletwe, na wanaume waliopunguza kiwango walichapwa viboko vya ngozi ya kiboko. Askari walidaiwa kuthibitisha kwamba kila risasi waliyopewa iliua mtu, na uthibitisho wake ulikuwa mkono wa kuume uliokatwa. Askari aliyetumia risasi kwa kuwindia nyama aliweza kuukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake isipungue.

Wakati huo alikuwako karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, aitwaye Edmund Dene Morel, aliyezaliwa Paris mwaka 1873. Kwa kuwa alijua Kifaransa, kampuni ilimtuma mara kwa mara kwenye bandari ya Antwerp kusimamia meli za Kongo. Morel alikuwa hajakanyaga Kongo. Alichokuwa nacho ni madaftari ya shehena. Akaona kwamba meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini karibu sehemu nne katika tano za shehena iliyopelekwa Kongo hazikuwa bidhaa za biashara, na ndani yake mlikuwamo bunduki na risasi kwa wingi. Basi akajiuliza: Ikiwa watu wa Kongo wanatoa mali yote hii, wanalipwa nini? Jibu likamjia kwamba hawalipwi, na mtu asiyelipwa huku akilindwa kwa bunduki hana jina jingine ila mtumwa.

Morel aliacha kazi mwaka 1901, na mwezi wa Aprili 1903 akaanzisha gazeti la kila juma, West African Mail. Nguvu ya gazeti hilo ilikuwa katika jambo ambalo wanafunzi wetu huliona la kuchosha, yaani hesabu. Morel alizichukua takwimu za Dola ya Kongo yenyewe na za makampuni yake, akazisoma kwa utulivu, akawawekea wasomaji mbele yao. Pia alichapisha maagizo ya siri yaliyomfikia kutoka kwa watu waliokuwa ndani ya utawala, yaliyoonyesha jinsi maofisa walivyopewa ziada ya mshahara kwa kadiri ya mpira walioukusanya. Katika kazi ya kutetea hakuna shahidi mwenye nguvu kama maandishi ya anayeshtakiwa.

Jina, mahali na siku

Mwezi wa Mei 1903 Bunge la Uingereza lilijadili habari za Kongo, na serikali ikamwagiza mwakilishi wake huko, Roger Casement, aende bara akachunguze. Casement alisafiri kwa muda wa miezi mitatu, akazungumza na watu vijijini, akaandika majina yao, vijiji vyao na maneno yao. Ripoti yake ilichapishwa Februari 1904.

Ilipotoka, Casement aliisoma kwa hasira. Ofisi ya Mambo ya Nje ilikuwa imeyafuta majina ya watu na ya mahali, ikatia herufi tupu badala yake. Mtu aliyeeleza jinsi jamaa zake walivyouawa aligeuka kuwa herufi mbili zisizo na uso. Casement alilalamika kwamba ushahidi wake umedhoofishwa, maana msomaji hawezi kumlilia herufi, na mpinzani anaweza kudai kwamba herufi haikuishi kamwe.

Hapa pana mgogoro ambao kila mwandishi wa kutetea atakutana nao. Kuliweka jina kunaupa ushahidi mizizi, lakini kunaweza pia kumletea shahidi maangamizi. Mwanakijiji aliyesema na Casement alibaki kijijini pake, pamoja na askari wale wale. Njia iliyo salama, ambayo wahariri wazuri wamekuja kuifuata, ni hii: jina, mahali na siku lazima vijulikane kwa mwandishi na kwa mhariri wake, na viandikwe katika daftari linalotunzwa. Yapi yatolewe kwa wasomaji ni uamuzi wa baadaye, unaofanywa pamoja na shahidi mwenyewe. Mwandishi aliyeficha jina analolijua amemlinda mtu. Asiyelijua jina hilo tangu mwanzo hana cha kulinda, na yafaa arudi kuuliza.

Kulikuwa na jambo la pili. Miongoni mwa waliotajwa na Casement alikuwako kijana aitwaye Epondo, aliyekuwa hana mkono mmoja. Casement alisadiki kwamba ulikatwa na askari mlinzi wa kampuni. Baadaye maofisa wa Dola ya Kongo walitoa maelezo mengine kutoka kwa kijana huyo huyo, kwamba mkono wake uliumwa na nguruwe mwitu. Magazeti ya upande wa mfalme yakalishika jambo hilo moja na kulipiga kama ngoma: Ikiwa habari ya Epondo si kweli, basi ripoti nzima ni uongo! Mamia ya majeraha mengine yakafunikwa kwa jeraha moja lenye shaka.

Mwandishi mchanga hufikiri kwamba akiwa na mifano ishirini ni bora kuliko kuwa na mitano. Sivyo. Mifano mitano iliyohakikishwa ina nguvu kuliko ishirini ambayo mmoja wake una ufa, kwa maana mpinzani hatavunja ukuta mzima, atautafuta ufa. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na habari iliyotiwa chumvi ni ngoma ya namna hiyo.

Gazeti dogo la Luebo

Wako wanaodhani kwamba kazi hii ni ya magazeti makubwa ya mijini. Naomba tumtazame William Henry Sheppard. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Virginia mwaka 1865, aliyefika Kongo mwaka 1890 kama mmisionari wa kanisa la Presbiteri. Alifanya kazi Luebo, katika nchi ya Kasai, na akajifunza lugha ya Wakuba. Mwaka 1899 alitumwa na wenzake kuchunguza habari za mauaji. Aliingia kambi ya wapiganaji wa Zappo Zap waliokuwa wakiitumikia serikali, akakuta mikono iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Hakuandika kwamba aliona mikono mingi. Aliihesabu, nayo ilikuwa 81, yote ya kuume.

Misheni yao ilikuwa na gazeti dogo, Kassai Herald, lililosomwa hasa na marafiki wa kanisa. Katika toleo la Januari 1908 Sheppard aliandika habari ya Wakuba. Alieleza walivyokuwa wakiishi zamani katika nyumba kubwa, wakilima mahindi na mazao mengine, na jinsi maisha hayo yalivyoharibika tangu walinzi wenye bunduki walipoanza kuwalazimisha kukaa msituni wakitafuta mpira. Makala yalikuwa mafupi, bila tusi hata moja. Hata hivyo kampuni ya mpira ya Kasai ilimshtaki kwa kosa la kuchafua jina lake.

Kesi ilisikilizwa Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mwezi wa Septemba 1909. Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha kisoshalisti katika Bunge la Ubelgiji, alifunga safari kutoka Ulaya ili kumtetea bila malipo. Tarehe 4 Oktoba hakimu alimwachilia Sheppard. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kisheria: makala hayakuitaja kampuni hiyo kwa jina, kwa hiyo haikuthibitika kwamba mwandishi alikusudia kuishambulia. Kampuni ikaamriwa kulipa gharama za kesi.

Kuna atakayeuliza: Je, hili halipingani na yale tuliyosema juu ya kutaja majina? Halipingani. Sheppard alitaja kwa uwazi yale aliyoyashuhudia, yaani watu gani, nchi gani, mabadiliko gani. Hakujivika kazi ya hakimu kwa kutoa hukumu. Mtu anayelaumiwa atajwe kwa kila jambo linaloweza kuthibitishwa, wala asitajwe kwa lile linalodhaniwa tu. Sentensi isemayo "kampuni fulani ni genge la wauaji" haina kitu ndani yake isipokuwa hasira. Sentensi isemayo "nilihesabu mikono 81" haihitaji hasira, kwa sababu msomaji atakasirika mwenyewe. Somo hili la sarufi ya uadilifu ni letu sisi walimu wa lugha: nomino na vitenzi hubeba ushahidi, na vivumishi vikizidi huulemea.

Picha na mwenye kuumia

Tarehe 14 Mei 1904 huko Baringa, mwanamume aitwaye Nsala alifika kwenye nyumba ya wamisionari. Alikuwa amebeba katika majani mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi barazani akivitazama vitu hivyo. Picha hiyo na nyingine zilioneshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, zikikuzwa ukutani kwa taa. Mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu cha dhihaka ambamo mfalme anailaani kamera kwa kuwa ni shahidi pekee asiyeweza kumhonga.

Nguvu ya picha haina ubishi. Lakini tujiulize pia: Nsala alisema nini? Dunia iliuona uso wake kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini ni wachache waliojifunza jina lake, na hakuna gazeti lililompa safu yake mwenyewe aandike. Alikuwa kielelezo cha hoja iliyoandikwa na watu wengine.

Mfano wa kinyume tunaupata katika tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe, kwa kushinikizwa, aliiunda mwaka 1904. Wajumbe wake walikuwa watatu: Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Chifu Lontulu wa Bolima alifika mbele yao. Alikuwa amewahi kupigwa viboko, kushikwa mateka na kutumikishwa kwa minyororo. Aliweka mezani vijiti 110, kila kijiti kikiwa ni mtu wake mmoja aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakuu, wanaume, wanawake na watoto. Kisha akachukua kijiti kimoja kimoja, akataja jina la aliyekufa.

Lontulu hakutumia kalamu wala karatasi, lakini katika historia yote ya vita hivi sioni uandishi ulio bora kuliko ule. Ulikuwa na idadi, mpangilio na majina, na ulitoka kwa mwenye msiba. Kwa bahati mbaya, ripoti ya tume ilipochapishwa mwaka 1905 haikuambatana na maneno ya mashahidi. Ilieleza maovu kwa jumla, na ushahidi wa Waafrika ukafungiwa katika makumbusho ya nyaraka huko Brussels, usisomwe kwa uhuru mpaka miaka ya 1980. Wenye kuumia walisema, na walioandika wakafupisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na mwenye kovu hajaridhika kwa kuwa jeraha lake limetajwa na mwingine kwa muhtasari.

Nani hulipia wino?

Leopold hakukaa kimya. Mwaka 1904 watu wake waliunda ofisi ya siri ya kushughulikia magazeti. Ofisi hiyo iliwalipa wahariri na waandishi katika nchi mbalimbali na kutoa majarida ya kuisifu Kongo. Huko Marekani alimwajiri wakili, Henry Kowalsky, ili awashawishi wakubwa. Desemba 1906 gazeti la New York American lilichapisha barua na mikataba yake, na siri ikawa hadharani. Fedha iliyofichwa iliharibu hata yale machache ambayo upande wa mfalme uliweza kuyatetea.

Lakini hata upande wa watetezi ulikuwa na walipaji. Morel alisaidiwa na John Holt, mfanyabiashara wa Liverpool, na William Cadbury wa kampuni ya chokoleti. Holt alichukizwa na ukatili, tena alitaka wafanyabiashara wa Kiingereza waruhusiwe kufanya biashara huko. Naye Cadbury, katika miaka hiyo hiyo, alikuwa akilaumiwa kwa kuwa kampuni yake ilinunua kakao ya São Tomé iliyolimwa na watu waliokuwa watumwa kwa jina jingine. Mwaka 1909 kampuni yake ililishtaki gazeti la Standard kwa kashfa, ikashinda, lakini baraza la wazee wa mahakama likaipa fidia ya robo ya peni moja tu, na kila mtu akaelewa maana yake. Nyani haoni kundule.

Hatusemi kwamba msaada usipokelewe, kwa maana gazeti haliendeshwi kwa dua. Tunasema mwandishi mpya aulize tangu siku ya kwanza: Chombo hiki hulipiwa na nani, na je, naweza kuandika habari inayomgusa huyo anayelipa? Jibu lolote litamfunza kitu.

Kalamu ile ile

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji, na mwaka uliofuata akafa. Chama cha Mageuzi ya Kongo, ambacho Morel alikuwa amekianzisha mwaka 1904 pamoja na Casement na wengine, kilifungwa mwaka 1913. Kazi yake ilikuwa kubwa, ijapokuwa haikukamilika, kwa sababu kazi za kulazimishwa na viboko viliendelea chini ya utawala mpya.

Historia ingekuwa tamu kama tungeishia hapo. Lakini mwaka 1920 Morel aliichukua tena kalamu yake. Baada ya vita kuu, Ufaransa ilikuwa imepeleka askari kutoka makoloni yake ya Afrika kukalia nchi ya mto Rhine huko Ujerumani. Morel alipinga mkataba wa amani ulioibana Ujerumani, na ili kuupinga akaandika katika gazeti la Daily Herald, na katika kijitabu, kwamba Waafrika hao ni hatari kwa wanawake wa Ulaya kwa sababu ya maumbile yao. Yule aliyewatetea Waafrika wa Kongo aliwadhalilisha Waafrika wa Rhine, tena kwa kutumia mbinu zile zile: safu katika gazeti, mikutano, vijitabu. Safari hii, hata hivyo, palikosekana zile hesabu za melini. Uvumi ulichukua nafasi ya ushahidi, na chuki ikachukua nafasi ya hoja.

Mshairi mweusi kutoka Jamaika, Claude McKay, aliyekuwa London wakati huo, aliandika kujibu. Daily Herald halikuyachapa majibu yake. Yalichapwa na gazeti dogo la Sylvia Pankhurst, Workers' Dreadnought, Aprili 1920.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba mtu anaweza kuwatetea watu kwa miaka kumi bila kupata kuwaona kuwa sawa naye. Akiwaona kuwa ni wa kuhurumiwa tu, siku huruma ikimtoka hatabakiwa na kitu. Ndiyo sababu swali la "nani asema?" si swali la heshima tu, ni swali la ukweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na asiyekilalia akiandika peke yake, siku moja atawasifu kunguni.

Miaka kumi na saba baada ya barua ya McKay, Novemba 1937, lilitokea Dar es Salaam gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Mwenyewe alikuwa Erica Fiah, mtu kutoka Uganda aliyekuja Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akawa mwenye duka na mwanzilishi wa chama cha kuwasaidia Waafrika mjini. Gazeti hilo liliendelea mpaka mwaka 1951. Jina lake peke yake ni funzo. Halikuitwa kwa jina la waliotetewa na wageni, liliitwa kwa jina la wenye nyumba. Na lugha iliyomwezesha mtu wa Uganda kusema na Waafrika wa pwani na bara ilikuwa hii tunayoifundisha.

Yatupasayo darasani

Haya yote yanaweza kuingia darasani bila kungoja mtaala mpya. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi habari ya Lontulu, kisha awaombe waandike tukio moja la kijijini kwao kwa mtindo wa vijiti: idadi, mafungu, majina, bila kivumishi hata kimoja. Anaweza kuwapa aya iliyojaa matusi juu ya mtu wa kubuni, wakaitafuta sentensi moja ndani yake inayoweza kuthibitishwa. Mara nyingi hawataiona, na hilo ndilo somo. Anaweza pia kuwafundisha kuandika barua ya kumwuliza anayelaumiwa kabla ya kumlaumu, kwa adabu na kwa maswali yanayojibika. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa lugha ya adabu, na ni vyema wajue kwamba adabu haipunguzi makali ya swali.

Zaidi ya yote, tuwafundishe kurudi. Mwandishi aliyechukua maneno ya mjane na kuyachapa anadaiwa kurudi kwake na kumsomea yalivyotoka, kwa lugha anayoielewa, apate kusema: "Hivi ndivyo nilivyosema," au "Hapa umekosea." Maneno ya mashahidi wa Baringa yalifungiwa sandukuni Brussels kwa vizazi viwili na zaidi, na wengi waliyatoa wakijua hatari yake. Wanafunzi wetu wanaokwenda kuandika watakabidhiwa maneno kama hayo, na tuliyo nayo ya kuwapa ni haya: waandike jina, waandike mahali na siku, waihesabu mikono waliyoiona, na wamrudishie mwenye maneno maneno yake.